Je, Shamba Linaweza Kuwa Pori?



Jumamosi ile ya majadiliano, ndugu mmoja wa darasa la sita alisimama akasema: "Shamba ni shamba, pori ni pori. Mwenye kulima hawezi kulinda, na mwenye kulinda atalala njaa." Watu walipiga makofi sana. Hata walimu wawili niliwaona wakicheka kwa furaha. Mimi sikupiga makofi. Nilinyoosha mkono, lakini kengele ililia na wote wakakimbilia chakula. Ndiyo maana naandika hapa. Katika gazeti letu kengele hailie.

Kwanza niseme wazi jambo moja, ili mtu asije kusema baadaye kwamba nilificha. Mimi mwenyewe niko ndani ya habari hii. Kule njia ya Mambasa, ukiisha kupita Komanda, koko wangu aliacha shamba la kakao. Katikati ya kakao kunasimama libuyu moja. Watu watatu tukishikana mikono hatuwezi kuizunguka. Mwezi wa saba mnunuzi wa mbao alikuja, akaipima kwa kamba, akamtajia baba mukubwa bei. Feza ile inatosha kulipa minervali yangu ya mwaka huu na ya mwaka ujao, na kidogo itabaki kwa mabati ya nyumba. Baba mukubwa hakukubali, wala hakukataa. Alinitazama tu akasema: "Wewe ndiwe mutu ya masomo. Sema." Nikashindwa kusema. Haya ninayoandika ni yale niliyopaswa kumwambia siku ile.

Sasa niwaonyeshe shamba lenyewe. Wazee wetu kule walikuwa na kahawa ya robusta. Halafu ukaja ule ugonjwa wa kukausha kahawa, ambao mwalimu wa Biolojia anauita trakeomikozi. Ulianza kusumbua sana upande wa Isiro, ukashuka mpaka Beni, ukavuka hata Uganda katika miaka ya 1990. Mti unakuwa na majani mabichi leo, kiisha unaanza kunyauka upande mmoja, na baada ya miezi michache umekuwa kuni. Koko aling'oa kahawa yake yote akaichoma. Akapanda kakao. Lakini hakusafisha uwanja kama wengine. Alikata miti midogo na vichaka, akaacha mikubwa aliyoijua: libuyu, muvula, na mingine ambayo naijua kwa lugha yetu tu. Chini yake akapanda ndizi kwanza, ili kakao changa isiungue na jua. Akaongeza safu na avoka. Watu walimcheka. Walisema eti mzee huyu ni mvivu wa kukata.

Mwaka 2021 watu wenye silaha walifika katika vijiji vya upande ule, na sisi sote tukakimbia. Ndipo mimi nilipofika hapa Bunia kwa mama mudogo. Kwa miaka miwili hakuna mtu aliyeshika panga katika shamba lile. Jamaa waliporudi kutazama waliogopa. Njia haikuonekana tena. Kombokombo zilikuwa zimepita urefu wa nyumba. Kamba za pori zilifunga kakao kama mtu anayefunga mizigo juu ya pikipiki. Katika shamba la jirani, lile lililosafishwa mpaka udongo ukawa mweupe, pori lilirudi namna nyingine: majani makali ya kukata mkono, kombokombo, na tena kombokombo. Lakini kwetu, chini ya kombokombo, kulikuwa tayari na watoto wa miti mikubwa. Baba mukubwa alinionyesha watoto wa libuyu, vijiti vyembamba vya kufika magoti.

Vakansi iliyopita nilifanya jambo ambalo wenzangu watalicheka. Nilipima hatua ishirini kwa ishirini katika shamba lile, nikamwita koko mwanamuke, nikamwuliza jina la kila kitu kinachoota ndani, tukiacha kakao yenyewe. Alitembea na fimbo yake akitaja, nami nikaandika. Tulifika majina hamsini na manne, kisha akachoka. Alisema bado iko mingine, lakini ile haina kazi. Kati ya hayo hamsini na manne kulikuwa na majani ya mangungu ya kufungia chakula, fumbwa, kekele ya kusukia vikapu, dawa ya tumbo, dawa ya meno, mti unaoleta viwavi vya kula, na kamba ile ngumu ambayo Wambuti wanaisokota kuwa nyavu za kuwindia. Yeye haiti shamba lile pori, wala haliiti shamba. Analiita "kwa mzee".

Ndugu wa darasa la sita anaweza kusema: hiyo ni habari ya nyumba moja tu, na koko mwanamuke si mwalimu wa chuo kikuu. Sawa. Basi twende mbali, mpaka Asia.

Katika kisiwa cha Sumatra, nchi ya Indonesia, wako wakulima wa mpira. Sisemi mpira wa kuchezea Jumatano, nasema mti ule unaotoa maziwa, hevea. Mti huo si wa kwao. Asili yake ni pori la Amazoni kule Brazili. Mwaka 1876 Mwingereza mmoja, Henry Wickham, alichukua mbegu zake karibu elfu sabini akazipeleka London, na kutoka kule miche ikatumwa Asia. Makampuni makubwa yalipanda hevea mistari kwa mistari na kusafisha kila jani lingine. Lakini wakulima wadogo wa Sumatra, sana sana upande wa Jambi, walifanya namna yao. Walikata kipande cha pori, wakachoma, wakapanda mpunga, na katika mpunga wakatia miche ya mpira. Mpunga ukiisha kuvunwa mwaka mmoja au miwili, waliacha. Pori likarudi, na mpira ukakua pamoja nalo. Baada ya miaka kama minane au kumi walirudi kufungua njia ndogo kutoka mti hadi mti na kuanza kuugema. Palimo na matunda, mbao, dawa, rotini. Waliweza kuendelea hivyo miaka thelathini au arobaini kabla ya kukata tena. Na wengine hawakati kabisa. Mti mmoja wa mpira ukifa, wanapanda mche mwingine katika nafasi ile ile, na shamba halifiki siku ya kuwa tupu.

Mwaka 1993 wataalamu watatu, Hubert de Foresta, Anne Gouyon na Patrice Levang, walichapisha hesabu waliyoipata katika shamba moja la namna hiyo lililozeeka. Tukiacha mpira wenyewe, walikuta aina 268 za mimea: miti, kamba, majani, na mimea inayokaa juu ya mingine. Aina mia mbili sitini na nane katika shamba la mtu! Sasa nendeni katika shamba la kampuni, mpira mtupu kwa mistari, mkahesabu. Mtatumia vidole vya mkono na vya mguu, na labda havitakwisha.

Mtu atauliza: kama ni nzuri vile, juu ya nini si watu wote wanaifuata? Hapa sitadanganya, kwa maana huko kwenye majadiliano tunapenda kuonyesha upande mmoja tu. Shamba la namna ile linatoa mpira kidogo. Miche iliyochaguliwa na wataalamu, iliyopandwa peke yake na kutiwa mbolea, inatoa mara mbili au hata mara tatu. Kwa hiyo wakulima wengi wa Sumatra wamekwisha kukata mashamba yao ya zamani wakapanda mpira mtupu, au michikichi. Siwezi kuwalaumu. Wanao watoto wa kusomesha, kama baba mukubwa.

Lakini neno mpira, wapendwa, hapa kwetu Kongo halisikiki kama kule Sumatra. Wazee wakilisikia wananyamaza. Wakati wa Leopold, kutoka 1885 hadi 1908, mpira wa nchi hii haukutoka katika mashamba. Ulitoka katika kamba za porini, landolfia, na katika mti wetu wenyewe unaoitwa funtumia. Watu walitumwa kwa nguvu kuutafuta. Wanawake walifungwa mpaka waume walete kilo zilizotakiwa. Waliopungukiwa walipigwa, wakauawa, na mikono ikakatwa. Na tazameni jambo lililopata mimea. Kamba ya landolfia ukiitoboa vizuri inaweza kupona. Lakini mtu mwenye bunduki nyuma yake hana nafasi ya kutoboa vizuri. Anaikata vipande na kuikamua yote, nayo inakufa. Mwezi unaofuata anapaswa kwenda mbali zaidi. Kwa hiyo pori lilimalizwa kamba zake, na vijiji vikamalizwa watu wake, kwa amri moja. Karibu na mwaka 1913 mpira wa mashamba ya Asia ulizidi mpira wote wa porini duniani, na bei ikaanguka. Lakini amri haikusahauliwa. Mwaka 1942, Wajapani walipoteka Malaya na visiwa vya Indonesia, serikali ya Wabelgiji iliwarudisha watu wetu porini kutafuta mpira kwa ajili ya vita, na siku za kazi ya lazima zikaongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka.

Naeleza haya kwa sababu naona tofauti ambayo katika majadiliano hakuna mtu aliyeigusa. Maziwa ni yale yale, meupe, ya kunata. Kule Sumatra mti ulikuwa wa mkulima, naye alitaka kuukuta tena kesho na kuuachia mtoto wake. Huku Kongo kamba haikuwa ya yule aliyeikata. Ilikuwa ya mfalme ambaye hakuiona hata mara moja. Mtu hawezi kutunza kitu ambacho kitachukuliwa. Na leo je? Wengi wanasema ardhi ni ya Leta, miti ni ya Leta, basi tuuze haraka kabla wengine hawajauza. Lakini Sheria ya Misitu ya 2002 inasema kwamba miti iliyo katika shamba la mtu ni mali ya yule mwenye shamba, na anaweza kumpa au kumwuzia mwingine. Wanafunzi wa sheria watanisahihisha nikikosea, lakini mimi naisoma hivi: libuyu ile ni yetu. Baba mukubwa ana haki ya kuiuza. Tena ana haki ya kusema hapana, na mnunuzi hana neno juu yake. Jambo hili la pili halisemwi mara nyingi.

Sasa turudi kwa mbegu. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na wale wasiopenda Biolojia wanivumilie kidogo.

Pori halirudi kwa sababu limeachwa tu. Linarudi kwa sababu mbegu zinafika, au kwa sababu visiki na mizizi bado vina uzima. Mbegu ya kombokombo ni ndogo sana. Ndege na popo wanazila na kuzimwaga kila mahali, nazo zinangoja katika udongo mpaka jua liwafikie. Ndiyo sababu kombokombo ni ya kwanza. Inakua mbio, inatia kivuli, na baada ya miaka kumi na tano au ishirini inaanza kufa na kuachia miti mingine nafasi. Kazi yake ni kama ya mwalimu wa darasa la kwanza. Lakini iko na miti ambayo mbegu zake haziendi popote. Mbau, ule mti unaojaza pori kubwa za Ituri, mpaka sehemu nyingine karibu miti yote mirefu ni mbau tu, mbegu yake ni nzito, inaanguka chini ya mama yake na kuota pale pale. Ukikata mbau zote za mahali, usingoje kuziona tena katika maisha yako.

Na libuyu? Libuyu na ndugu zake wana mbegu zenye bawa, zinazozunguka zikishuka na upepo. Mtu anafikiri bawa litaipeleka mbali. Kumbe hapana! Mtaalamu wetu Mkongomani, Jean-Rémy Makana, pamoja na mwenzake Sean Thomas, walichunguza jambo hili katika pori la Ituri na kuliandika mwaka 2004. Waliona kwamba shida ya kwanza ya miti ya namna ya libuyu ni mbegu kutofika. Nyingi zinaanguka karibu na mama. Pale zinapofika, zinaweza kuota, hata katika mashamba yaliyoachwa, maana mche wake unataka mwanga kuliko ule unaopatikana chini ya pori nzito. Basi someni vizuri maneno haya. Shamba lililoachwa ni mahali pazuri kwa mtoto wa libuyu, ila mama awe karibu. Vile vijiti vya kufika magoti alivyonionyesha baba mukubwa vina mama mmoja tu. Ninajua anaposimama, na ninajua bei yake.

Tunayajua haya kwa sababu kuna watu waliokaa porini kuhesabu. Upande wa Epulu, katika Akiba ya Okapi iliyoanzishwa mwaka 1992, tangu 1994 wanapima miti katika hektari 40 za pori, kila shina lenye unene wa sentimeta moja na zaidi. Wamepata aina zaidi ya mia nne. Na wakati wa vita, wengine walipokimbia, mtaalamu wa mimea Corneille Ewango alibaki, akaficha makusanyo ya majani yaliyokaushwa pamoja na daftari za hesabu ili yasiharibiwe. Mwaka 2005 alipewa zawadi ya kimataifa ya Goldman kwa kazi hiyo. Baadaye aliandika kitabu cha udaktari juu ya kamba za pori la Ituri. Naona huyu anastahili kutajwa katika masomo yetu zaidi ya wale wavumbuzi wa Ulaya ambao tunakariri tarehe zao za kuzaliwa.

Sasa nijibu mambo matatu yaliyosemwa siku ile.

Ya kwanza, kwamba kivuli kinaua kakao. Baba mukubwa naye husema: "Muti hii inakula kakao yangu." Kivuli kikizidi, ni kweli, unyevu unakaa, matunda yanaoza na kuwa meusi. Lakini kakao asili yake ni mti wa chini ya miti mingine. Kakao ya jua tupu inatoa sana miaka ya mwanzo, halafu inadai mbolea, na inazeeka mapema. Nani kule njia ya Mambasa anayenunua mbolea? Tena ua la kakao halichavushwi na nyuki kama tunavyodhani. Linachavushwa na visubi, wadudu wadogo kabisa wanaozaliwa katika majani yanayooza yenye unyevu. Ukifagia shamba liwe safi kama uwanja wa shule, umewafukuza wafanyakazi wako. Kwa hiyo kazi ni kupunguza matawi na kuchagua miti ya kubaki. Koko alikuwa anafanya hivyo kila mwaka kwa panga, na wale waliomwita mvivu hawakumwona akipanda juu.

Ya pili, kwamba kakao ni utajiri, kwa hiyo tukate zaidi tupande zaidi. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la New York ilipita dola elfu kumi kwa tani, jambo lisiloonekana mbele yake, na kila mtu aliyekuwa na panga aliingia porini. Bei hiyo haikukaa. Ilipoanza kushuka, pori lililokatwa halikurudi pamoja nayo. Nchi ya Kodivaa ilifuata njia hiyo tangu 1960, imekuwa ya kwanza duniani kwa kakao, na imepoteza sehemu kubwa sana ya pori lake. Je, tunataka kuwa wa pili wao katika jambo lile pia?

Ya tatu ndiyo ngumu, na hapa namkubalia ndugu yangu nusu. Shamba la koko si pori kamili. Okapi hawezi kuishi ndani yake. Mbau haimo. Katika Sumatra pia, waliohesabu waliona kwamba miti ile ya pori la zamani, yenye kukua polepole, ni michache katika mashamba ya mpira kuliko katika pori lenyewe. Mtu asichukue maneno yangu akaenda kukata pori la Akiba na kusema: mwanafunzi wa Bioshimi aliandika kwamba kakao ya kivuli ni pori. Sikuandika hivyo. Ninachosema ni kwamba kati ya pori na uwanja mtupu kuna vitu vingine, na watu wengi wa Ituri wanaishi katika vitu hivyo vingine. Shamba lenye miti linaweka mbegu, linaweka ndege wa kuzibeba, linaweka majina hamsini na manne katika kinywa cha mwanamke mzee. Siku likiachwa, linajua njia ya kurudi.

Hata Wabelgiji walikuwa wameona kitu hiki. Kule Yangambi, ambako kituo cha INEAC kilianzishwa mwaka 1933, walijaribu mashamba ya ukanda: kipande kirefu kinalimwa, kipande cha pembeni kinabaki pori, vinabadilishana, ili mbegu zisivuke mbali. Wazo lilikuwa zuri, na sehemu kubwa walilitoa kwa wakulima wenyewe, ambao walijua tangu zamani kulala kwa shamba. Kosa lao ni kwamba walilileta kwa amri, mistari imechorwa na mzungu, na fimbo. Uhuru ulipofika mwaka 1960, watu waliitupa mistari ile pamoja na fimbo.

Na sisi hapa Bunia? Hapa juu tuko na nyasi na kaliptusi. Pori tunaliona likipita njiani, ndani ya mifuko ya makala juu ya malori ya Komanda. Nasikia komite inafikiri kupanda kaliptusi katika ile sehemu ya chini ya shamba la shule, karibu na kijito. Sikatai kaliptusi. Inakua mbio na jiko la shule linataka kuni. Lakini naomba, Bwana Prefe, kwa heshima yote, kwamba kipande kidogo upande wa kijito kiachwe bila kupandwa kitu na bila kuchomwa, hata hatua ishirini kwa ishirini tu, na sisi wa Bioshimi tupewe daftari la kuandika kila mwaka kitu kinachoota. Hakitagharimu hata franka moja. Wanaokuja nyuma yetu wataendelea. Naona hii ni mtihani mzuri kuliko kuchora ua ambalo hatujaliona.

Juu ya libuyu, nimemwandikia baba mukubwa barua, nikaipeleka kwa dereva mmoja tunayemjua. Nimemwambia kwamba kuna muvula mbili zilizokufa juu, ambazo koko mwenyewe alitaka kuzikata, na kwamba mbao zake zinaweza kuuzwa, ijapo bei haitafika ile ya libuyu. Nimemwambia pia asiwafyeke wale watoto wa kufika magoti wakati wa kusafisha kakao, awafungie kitambaa chekundu. Kiisha nilikwenda kwa Bwana Ekonomi kuuliza kama shule inaweza kupokea minervali yangu kwa sehemu, nusu sasa na nusu mavuno ya kakao yakiisha. Alitoa miwani, akaniuliza mara mbili kama ni kweli ni kwa sababu ya mti. Nilisema ndiyo. Akaandika jina langu katika karatasi, akasema ataileta mbele ya komite Alhamisi.

Mnunuzi alisema atarudi mwezi wa kumi na mbili, njia ikikauka. Jibu la baba mukubwa bado halijafika, wala la komite.

Mwanafunzi wa darasa la nne, Bioshimi